Ultrasaundi ya Mimba Changa Ikileta Majibu Yasiyo ya Kawaida: Jinsi ya Kuyasoma na Hatua za Kufuata

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote maana ya majibu yako, kaa na karatasi yenyewe mahali penye mwanga utafute namba. Maneno kama "mimba haiendi vizuri" au "mtoto ana shida" ni tafsiri ya aliyepima. Namba ndizo zinazoonyesha kama tafsiri hiyo ina mashiko.

Kwenye karatasi nyingi utakuta herufi za kifupi. CRL ni urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni, kwa milimita. GS ni mfuko wa mimba, na MSD ni wastani wa kipenyo chake: mfuko hupimwa pande tatu, zikajumlishwa na kugawanywa kwa tatu. YS ni kifuko cha kiini kinachomlisha mtoto kabla kondo la nyuma halijashika kazi. FHR ni mapigo ya moyo kwa dakika. GA ni umri wa mimba na EDD ni tarehe ya kujifungua. NT ni unene wa maji yaliyo chini ya ngozi, nyuma ya shingo ya mtoto. NB ni mfupa wa pua.

Karatasi isiyo na tarehe, isiyo na CRL au MSD kwa milimita, na isiyosema kipimo kilipita tumboni au ukeni, haitoshi kufanyia uamuzi wowote mzito. Rudi uombe kwa heshima: "Daktari, naomba uniandikie CRL kwa milimita na njia uliyotumia kupima." Ni haki yako, na ombi hilo humfanya mpimaji mzuri aangalie tena.

Kwanza hakikisha umri wa mimba

Majibu mengi yanayoitwa mabaya ni ya mimba ambayo umri wake umekosewa. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku 35 yai lake hupevuka kama wiki moja baadaye kuliko la mwenye siku 28. Aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango, au anayenyonyesha, anaweza kupata mimba bila kuona hedhi ya kuhesabia. Kalenda itasema wiki 8 na mtoto aonekane wa wiki 6 bila tatizo lolote.

Kanuni inayotumika ni hii: kabla ya wiki 9 kamili, tofauti ya zaidi ya siku 5 kati ya hesabu ya hedhi na ultrasaundi inatosha kufuata tarehe ya ultrasaundi. Kuanzia wiki 9 hadi wiki 13 na siku 6, tofauti inayohesabiwa ni zaidi ya siku 7. Baada ya hapo CRL haitumiki tena.

Kuna njia nyingine ya kuhakiki ambayo watu husahau. Kumbuka siku uliyopima mkojo ukawa chanya. Siku ile mimba ilikuwa na umri wa takriban wiki 4, au zaidi. Kama ulipima wiki moja na nusu iliyopita, mtoto wa wiki 6 bila mapigo ya moyo anaweza kuwa mchanga tu. Kama ulipima wiki 5 zilizopita na leo kunaonekana mfuko wa wiki 5, hesabu hiyo haiwezi kusingiziwa tarehe, na inabidi ujiandae kusikia habari ngumu.

Kabla ya wiki 10: mfuko mtupu, mapigo hayaonekani

Kwa kipimo cha ukeni, mfuko wa mimba huanza kuonekana karibu na wiki 5, kifuko cha kiini karibu na wiki 5 na nusu, na kiinitete, yaani mtoto wa wiki za mwanzo, chenye moyo unaopiga karibu na wiki 6. Kupitia tumboni, ongeza kama wiki nzima. Ndiyo maana swali la njia iliyotumika si la urembo. Kipimo cha ukeni hakiharibu mimba, na kibofu huachwa kitupu. Cha tumboni kwa mimba changa huhitaji kibofu kilichojaa.

Viwango vya kusema kwamba mimba imeharibika, kwa kipimo cha ukeni, ni viwili. CRL ikifika milimita 7 au zaidi bila mapigo ya moyo. Au MSD ikifika milimita 25 au zaidi bila kiinitete ndani. Chini ya hapo jibu sahihi ni "bado haijulikani", na kipimo hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Viwango hivi vilichapishwa na jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 2013. Vile vya zamani vilikuwa chini zaidi, milimita 5 kwa CRL na 16 kwa mfuko, na ilibainika kwamba baadhi ya mimba zilizotajwa kuwa zimekufa zilikuwa hai. Wapimaji wawili wakimpima mtoto yuleyule hutofautiana, na milimita moja au mbili zinatosha kugeuza jibu.

Muda nao una kanuni zake. Kama kipimo cha kwanza kilionyesha mfuko usio na kifuko cha kiini, na baada ya siku 14 au zaidi hakuna kiinitete chenye mapigo, mimba imeharibika. Kama kifuko cha kiini kilikuwepo, siku zinazohesabiwa ni 11.

Hapa tunasema bila kuzunguka: usikubali kusafishwa kizazi kwa kipimo kimoja kilicho chini ya viwango hivyo, ikiwa hutoki damu nyingi na huna homa. Kusubiri wiki moja hakukudhuru. Kusafishwa kwa haraka hakurudishiki. Hata viwango vikifikiwa, omba mtu wa pili aangalie kabla ya chochote kufanyika.

Ikithibitika kwamba mimba imeharibika, njia ni tatu: kusubiri itoke yenyewe, kutumia dawa chini ya usimamizi wa kituo cha afya, au kusafishwa kwa kufyonza. Kwa njia yoyote, kulowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, kwa saa mbili mfululizo, ni dharura. Vivyo hivyo homa au uchafu wenye harufu mbaya.

Mapigo yakiwepo lakini taratibu, yaani chini ya 100 kwa dakika kabla ya wiki 6 na siku 3, au chini ya 120 kutoka hapo hadi wiki 7, rudia baada ya wiki moja. Hiyo ni ishara ya hatari na bado si hukumu. Damu iliyojikusanya kando ya mfuko huwatisha wengi, na mara nyingi hunyonywa na mwili yenyewe. Kulala kitandani wiki nzima hakujaonyeshwa kuzuia mimba kuharibika, kwa hiyo usimlazimishe mke au dada yako alale huku kazi na watoto wengine vikimkosesha usingizi.

Mkojo chanya na kizazi kitupu ndiyo hali inayoua. Karatasi inaweza kuandikwa "hakuna mimba iliyoonekana", mama akarudi nyumbani akidhani kipimo cha mkojo kilidanganya. Maelezo yanayowezekana ni matatu: mimba ni changa mno, mimba imeshatoka, au imetunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija. Kinachotenganisha ni damu ya kupima kiwango cha homoni ya mimba, hCG, mara mbili kwa tofauti ya saa 48. Mimba yenye afya hupandisha namba hiyo kwa nusu au zaidi ndani ya saa hizo. Homoni ikizidi 3,500 na kipimo cha ukeni hakionyeshi mfuko ndani ya kizazi, mimba ya nje inashukiwa sana. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia havisubiri saa 48: nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji wakati huohuo, usiku au mchana. Maumivu ya bega huwachanganya watu. Yanatokana na damu iliyovujia tumboni na kugusa kiwambo kilicho chini ya mapafu.

Mimba zabibu huonekana kama vipovu vingi vidogo vilivyojaa kizazi, bila mtoto, na hCG huwa juu kupita kiasi. Hii husafishwa hospitalini na nyama yake hupelekwa maabara. Kosa linalofanyika ni kuishia hapo. Homoni inatakiwa ifuatwe kila wiki moja au mbili mpaka irudi kawaida, kisha kila mwezi kwa muda daktari atakaopanga, huku ukitumia uzazi wa mpango. Namba ikianza kupanda tena ni dalili kwamba mabaki yanakua kuelekea saratani, nayo hutibika vizuri ikiwahiwa.

Wiki 11 hadi 13 na siku 6: NT

Kila mtoto wa umri huu ana maji kidogo chini ya ngozi ya shingo. Kuwa na NT si ugonjwa, swali ni unene wake. Profesa Kypros Nicolaides na wenzake wa London walionyesha mwaka 1992 kwamba maji hayo yakizidi, uwezekano wa tatizo la kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, unapanda, na tangu hapo kipimo hiki kimeenea duniani. Hapa kwetu Afrika Mashariki hupatikana zaidi kwenye hospitali za rufaa na vituo binafsi vya miji mikubwa, kwa hiyo si kila aliyekupiga ultrasaundi ya wiki 12 alikuwa anakitafuta.

NT hupimwa tu CRL ikiwa kati ya milimita 45 na 84. Nje ya hapo namba haina maana, hata iandikwe kwa wino mwekundu.

Namba iliyopimwa vibaya hudanganya pande zote mbili, kwa hiyo omba picha uitazame. Kichwa na kifua cha mtoto vinatakiwa vijaze karibu picha nzima, mtoto akiwa amepigwa kwa ubavu, pua ikionekana. Shingo isiwe imeinuka nyuma, maana hilo peke yake huweza kuongeza hadi milimita 0.6. Ikiwa imeinamia kifuani, hupunguza hadi 0.4. Misalaba ya kupimia iwekwe kwenye kingo za mistari myeupe, mahali maji yalipo mapana zaidi. Hupimwa zaidi ya mara moja na kubwa iliyo sahihi ndiyo huandikwa. Makosa mawili yanayojirudia: utando wa chupa ya uzazi kudhaniwa kuwa ngozi ya mtoto, na kitovu kilichozunguka shingo, ambapo inabidi kupima juu na chini ya kitovu na kuchukua wastani. Kama mtoto amekaa vibaya, mama hutembea kidogo, hukohoa, kisha hurudi. Mpimaji mwenye haraka huruka hatua hii.

Kiwango cha juu cha kawaida hukua na mtoto: kama milimita 2.1 kwa CRL ya 45, hadi kama 2.7 kwa CRL ya 84. Kutoka 3.5 kwenda juu ni kiwango kinachovukwa na mtoto mmoja tu kati ya 100, bila kujali CRL. Tafiti kubwa za London zinatoa picha hii ya watoto wenye tatizo la kromosomu, na ya wale wanaozaliwa hai bila kasoro kubwa:

Zaidi ya kawaida hadi 3.4: kromosomu karibu 4 kati ya 100, wazima 93.
3.5 hadi 4.4: kromosomu karibu 20, wazima 70.
4.5 hadi 5.4: kromosomu karibu 33, wazima 50.
5.5 hadi 6.4: kromosomu karibu 50, wazima 30.
6.5 na zaidi: kromosomu karibu 65, wazima 15.

Soma mstari wa pili mara mbili. Mama anayeambiwa NT ni 3.8 husikia kwamba mtoto ameharibika, kumbe watoto 70 kati ya 100 wa kundi hilo huzaliwa wazima. Soma na wa mwisho kwa uaminifu uleule: milimita 7 si jambo la kufarijiwa kwa maneno matupu.

Uwezekano "1 kati ya"

Mahali penye huduma kamili, NT huunganishwa na umri wa mama na vipimo viwili vya damu yake, homoni ya hCG huru na protini ya PAPP-A. Kwa pamoja hunasa takriban watoto 9 kati ya 10 wenye sindromu ya Down, yaani wenye kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, huku wajawazito 5 kati ya 100 wenye watoto wazima wakiambiwa kwamba wako kwenye hatari. Kwa sindromu ya Down, hCG huwa juu na PAPP-A chini. Zote mbili zikiwa chini sana hufikiriwa kuwepo kwa kromosomu ya 18 au ya 13 tatu, hali ambazo ni kali zaidi.

Jibu huja kama "1 kati ya 120". Maana yake: tukikusanya wajawazito 120 wenye jibu kama lako, mmoja atakuwa na mtoto mwenye hali hiyo na 119 hawatakuwa nayo. Uingereza huita "hatari kubwa" kuanzia 1 kati ya 150, na mpaka huo uliwekwa ili kuamua nani apewe kipimo kinachofuata. Hauwatengi wagonjwa na wazima. Linganisha pia na umri: mwanamke wa miaka 20 huanza na takriban 1 kati ya 1,500, wa 35 na 1 kati ya 350, wa 40 na 1 kati ya 100. Aliye na miaka 40 akipata 1 kati ya 140, kipimo kimempunguzia hatari, hata kama karatasi imeandika "kubwa".

Kuna mambo mawili yanayowahusu hasa wasomaji wa Afrika Mashariki na ndugu zetu walioko ughaibuni. La kwanza ni mfupa wa pua. Kutoonekana kwake huongeza shaka ya sindromu ya Down, lakini kwa watoto wenye kromosomu za kawaida ulikosekana kwa karibu 2 kati ya 100 wa wanawake Wazungu, na karibu 9 kati ya 100 wa wenye asili ya Afrika, katika utafiti wa London. Mfupa wa pua usioonekana kwa mtoto wetu, NT na mengine yakiwa sawa, una uzito mdogo zaidi kuliko vitabu vya Ulaya vinavyodokeza. La pili ni PAPP-A, ambayo kwa wanawake weusi huwa juu kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na Wazungu. Kama asili yako haikuingizwa kwenye kompyuta, PAPP-A yako itaonekana nzuri kuliko ilivyo, na hatari itaandikwa ndogo kuliko kweli. Uzito wa mwili, uvutaji sigara, kisukari na mimba ya kupandikizwa pia vinatakiwa viandikwe. Muulize aliyekokotoa: "Umeingiza uzito wangu na asili yangu?"

PAPP-A iliyo chini huku kromosomu zikiwa sawa nayo si ya kupuuzwa. Chini ya 0.4 ya wastani, huonya kwamba kondo la nyuma huenda likachoka mapema: mtoto mdogo, au shinikizo la damu la ujauzito. Zungumza na daktari kuhusu aspirini ya miligramu 150 kila usiku, ambayo huanzwa kabla ya wiki 16 na kuachwa wiki ya 36. Ni vidonge viwili vya 75. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wanawake walio kwenye hatari ilipunguza shinikizo la ujauzito linalolazimisha kuzaa kabla ya wiki 37 kwa zaidi ya nusu. Usiianze bila daktari, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo au pumu inayochochewa na aspirini.

Kipimo kinachofuata, na tarehe zake

Njia ni mbili. Ya kwanza ni damu ya mama inayopimwa vinasaba vya kondo, kuanzia wiki 10. Hunasa zaidi ya 99 kati ya 100 ya sindromu ya Down na hukosea kwa takriban 1 kati ya 1,000 ya walio wazima. Bado ni uchunguzi wa uwezekano. Fikiria wanawake 10,000 ambao kabla ya kipimo hatari yao ni 1 kati ya 1,000: watoto 10 wana hali hiyo na wote watanaswa, lakini wazima 10 nao watapata jibu chanya. Chanya hapo ni nusu kwa nusu. Kwa wanawake ambao hatari yao ilikuwa 1 kati ya 100, kati ya majibu 109 chanya, 99 ni ya kweli. Kwa hiyo jibu chanya la damu hii huthibitishwa kabla ya uamuzi wowote. Uliza pia kama sampuli hupimwa hapahapa au hutumwa nje ya nchi, maana wiki mbili za kusubiri zinakula kalenda yako.

NT ikiwa 3.5 au zaidi, damu hii haitoshi. Inaangalia kromosomu chache tu, na mtoto wa namna hii anaweza kuwa na tatizo la vinasaba lisilomo kwenye orodha yake, au la moyo.

Njia ya pili inatoa jibu la uhakika: sindano nyembamba, ikiongozwa na ultrasaundi, huchukua chembe za kondo la nyuma kuanzia wiki 11, au maji ya uzazi kuanzia wiki 15. Kuchota maji kabla ya wiki 15 huongeza mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na miguu iliyopinda, kwa hiyo mtu akikuambia wiki 13, kataa. Kwa mikono yenye uzoefu, mimba inayopotea kwa sababu ya sindano ni chini ya 1 kati ya 200. Majibu ya awali ya kromosomu za 13, 18 na 21 huweza kutoka ndani ya siku chache, na kamili baada ya kama wiki mbili.

Mambo matatu yawe tayari kabla ya sindano. Kundi la damu: ukiwa hasi (Rh), unahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kushambulia damu ya mtoto, ndani ya saa 72 baada ya kuchomwa. Virusi vya Ukimwi: ikiwa unaishi navyo, dawa ziwe zimeshusha virusi hadi visionekane kwenye kipimo. Homa ya ini aina B: daktari ajue kiwango cha virusi. Haya yote yanapatikana kwenye kadi ya kliniki au kitabu cha mama na mtoto, kwa hiyo kibebe.

Chukua mfano wa mama aliyepimwa akiwa wiki 12 na siku 4, NT 3.8. Ana siku 9 tu mpaka wiki 13 na siku 6, ambao ndio muda mzuri wa kuchukua chembe za kondo. Akichelewa, atasubiri siku 17 tangu kipimo ili kufika wiki 15 na kuchotwa maji ya uzazi. Akiambiwa "rudi kliniki mwezi ujao", nafasi ya kuchukua chembe za kondo imeshafungwa. Rufaa iandikwe siku ileile, na ipigwe simu, isitumwe tu kwa karatasi.

Kromosomu zikitoka kawaida, kazi iliyobaki ni moyo. Kasoro kubwa za moyo huonekana kwa takriban 3 kati ya 100 NT ikiwa 3.5 hadi 4.4, na hupanda kadiri maji yanavyoongezeka, hadi kama 30 kwa 6.5 na zaidi. Omba ultrasaundi ya kina ya wiki 20 na kipimo maalumu cha moyo wa mtoto tumboni kati ya wiki 18 na 22. Kasoro ikionekana, panga kuzaa karibu na mahali panapotibu: kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam hupasua mioyo ya watoto. Mtoto anayehitaji upasuaji wa siku za kwanza hatakiwi kuanza maisha kwa safari ya basi. Na kama kromosomu ni sawa, moyo ni sawa na wiki 20 ni sawa, matarajio ya mtoto huyo yanakaribia sana yale ya mtoto mwingine yeyote, hata kama NT ilikuwa 4. Hapo acha kuirudia ile namba kichwani.

Kasoro nyingine za wiki hizi

Fuvu lisiloumbika huonekana kuanzia wiki 11, mifupa ya kichwa inapoanza kukomaa. Kabla ya hapo usiamini. Likithibitishwa na wapimaji wawili, mtoto hawezi kuishi baada ya kuzaliwa. Kinachofuata kinategemea pia sheria ya nchi: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26(4), inaruhusu kusitisha mimba kwa dharura au pale maisha au afya ya mama iko hatarini kwa maoni ya mtaalamu wa afya, na Tanzania huruhusu kuokoa maisha ya mama. Ongea na daktari wako waziwazi. Kwa mimba ijayo, asidi ya foliki ni miligramu 5 kwa siku, si ile ya kawaida ya mikrogramu 400, ikianzwa angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki 12. Kiwango hicho ni hichohicho kwa aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi.

Utumbo kuonekana nje, kwenye shina la kitovu, ni kawaida kabisa hadi karibu wiki 12. Hutoka na kurudi wenyewe. Karatasi ya wiki 10 inayosema "utumbo uko nje" inahitaji kurudiwa wiki ya 13, isipokuwa kilichotoka ni ini. Kibofu cha mtoto chenye urefu wa milimita 7 au zaidi si cha kawaida. Kati ya 7 na 15, kromosomu zikiwa sawa, watoto wengi hupona wenyewe. Zaidi ya 15 mara nyingi njia ya mkojo imeziba.

Kwa mapacha, kitu cha kudai kabla ya wiki 14 ni idadi ya makondo, kwa sababu baada ya hapo ni vigumu kuitambua. Utando unaoingia kwenye kondo kwa umbo la pembetatu humaanisha makondo mawili. Unaoingia kama herufi T humaanisha kondo moja. Wa kondo moja hupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki 16, maana mmoja anaweza kumnyonya mwenzake damu.

Karatasi na picha zote zihifadhiwe, hata mimba ikiisha kwa huzuni. Aliyewahi kubeba mtoto mwenye sindromu ya Down hubeba hatari ya takriban 1 kati ya 100 kwa mimba inayofuata, au ile ya umri wake ikiwa ni kubwa zaidi, na daktari wa wakati huo atahitaji kuona kilichoandikwa, si kilichosimuliwa.